Marashi ya Kuliza Watu

Masoud Makungu alirudi Unguja kutoka Makerere na masanduku mawili na ugonjwa mmoja. Masanduku aliyafungua siku ile ile. Ugonjwa, ambao ulikuwa wa kuijua kemia na kutaka kila mtu ajue kwamba anaijua, haukumtoka. Alipewa kazi ya kusomesha katika skuli ya serikali, lakini skuli hufungwa mchana, na kutoka mchana mpaka magharibi ni muda mrefu kwa mtu aliyejaa elimu na hana pa kuitua. Akawa anaitua kwenye barza ya Kiponda, nje ya nyumba ya Mzee Simai Nahodha, mbele ya wazee waliokuja pale kunywa kahawa na kusengenya watu kwa amani. Huu ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, siasa ilikuwa bado haijawafundisha watu wa barza kukaa mbalimbali.

Barza ile hakuichagua kwa bahati. Mzee Simai alikuwa na binti, Shemsa, aliyemaliza skuli ya wasichana na sasa akisomesha watoto wadogo, na madirisha ya ghorofani yaliitazama barza moja kwa moja. Masoud alishapeleka posa. Ilipokelewa kwa maneno matamu kisha ikawekwa kando, kwa sababu palikuwa na posa nyingine: ya Bwana Mcha, karani wa bandarini, mtu mkimya mwenye shamba la mikarafuu Dole na mdomo usiofunguka mpaka uulizwe. Mzee Simai hakumwambia ndiyo wala la hata mmoja wao. Alikuwa akiwapima. Masoud naye, kila alipokaa barzani, alipandisha sauti kidogo ili elimu yake ipite dirishani.

Siku moja alianza na maji. Aliinua gilasi, akawauliza wazee kama wanajua kwamba maji yana pande mbili. Mzee mmoja akajibu kwamba anazijua, ya juu na ya chini, na wenzake wakacheka. Masoud hakucheka. Akawaeleza kwamba chembe moja ya maji, ndogo isiyoonekana kwa jicho, ni atomi tatu zilizoshikana, oksijeni moja na haidrojeni mbili, na kinachozishikanisha ni elektroni wanazoshirikiana. Lakini ushirika wenyewe si wa haki. Oksijeni ni mvutaji. Elektroni hukaa zaidi upande wake, na upande ule ukapata chaji ya hasi, kidogo tu, si kamili, sehemu ya chaji. Haidrojeni zinabaki na upungufu, nazo zikawa na chanya kidogo. Ukiichukua chembe nzima, hasi na chanya zinafutana, na mtu wa nje ataapa kwamba mle ndani mna usawa.

Wazee walimtazama kwa huruma. Masoud aliona wanamponyoka, na mtu anayeponyokwa na wasikilizaji hushika chochote kilicho karibu.

"Chukueni mke na mume," alisema. "Wamejifunika shuka moja. Waulize, kila mmoja atakwambia shuka yetu. Lakini mume mkono wake mzito, kila akigeuka anajivutia. Ikifika alfajiri mke hayuko uchi, hasha, ila mgongo uko nje na baridi anaihisi. Basi hiyo ndiyo sehemu ya chaji."

Barza ikapasuka kwa kicheko. Mzee mmoja kahawa ilimpanda puani. Na kutoka juu, nyuma ya dirisha, kikasikika kicheko kingine, cha mwanamke, kilichokatwa haraka kwa kiganja. Masoud alikwenda nacho nyumbani kicheko kile na kukaa nacho wiki nzima. Hakujiuliza kilikuwa kicheko cha namna gani. Kwa upande wao, wazee walimpa jina la Maalim Shuka, na jina la barza ya Kiponda likishakuganda halibanduki.

Hakukoma. Siku za mbele akawafundisha habari ya mafuta. Mafuta, alisema, chembe zake zinagawana elektroni sawa, hazina upande wa kuvuta wala wa kuvutwa, kwa hiyo maji yanaposhikana yenyewe kwa yenyewe, mafuta hutolewa nje kama mgeni asiyealikwa. Kila kitu hufuata cha namna yake. Ndiyo maana utomvu wa fenesi hautoki mkononi kwa maji hata usugue mpaka kesho, mpaka upake mafuta ya nazi. Wazee walimwambia kwamba habari hiyo wameisikia kwa mama zao. Masoud aliwajibu kwamba mama zao walijua kuufanya, sababu hawakuijua, na akaona ameshinda.

Ukaja Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi. Kila mwaka Mzee Simai alisomesha maulidi nyumbani kwake baada ya sala ya alasiri, na mwaka ule alifanya jambo ambalo Kiponda nzima ililielewa bila ya kuelezwa. Alimwambia Mcha alete halwa. Akamwambia Masoud alete marashi. Kila mwenye akili alijua kwamba hapo haziletwi halwa na marashi, zinaletwa posa mbili mizanini.

Angelinunua marashi ya waridi dukani, kama wafanyavyo waja wote wa Mungu, hadithi hii ingeishia hapa na macho ya watu yangesalimika. Lakini mtu wa Makerere anunue waridi la dukani, tena mbele ya karani wa bandarini? Masoud aliamua atatengeneza marashi yake mwenyewe, ya karafuu, mmea uliokilisha kisiwa kizima na ambao hakuna aliyewahi kuufanyia heshima ya kuunyunyiza kwenye maulidi. Alijipatia chupa ya mafuta ya karafuu, yale yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye makonyo, vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, akajifungia jikoni kwa mama yake, Bi Tabia, akamwomba asiingie mtu.

Alitia maji katika bakuli la kioo, akamimina mafuta juu yake taratibu. Mafuta yakazama.

Masoud aliinama akaangalia. Mwaka mzima alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba mafuta huelea juu ya maji, na wao wakiandika. Haya yalikwenda zake chini, yakajikusanya kwenye sakafu ya bakuli yakatulia, mazito, ya manjano, bila ya haya. Yalikuwa mafuta mazito kuliko maji, na kitabu kilisema hivyo, ila katika ukurasa ambao Masoud aliuruka. Aligeuka nyuma kuhakikisha mama yake hajamwona. Kisha akakoroga kwa nguvu kama anayelipiza kisasi. Mafuta yalisambaa, yakamsubiri achoke, yakazama tena.

Ikabidi atafutwe mpatanishi. Wa kwanza aliyemjia akilini alikuwa spiriti, ambayo inasikizana na maji na inasikizana na mafuta, lakini spiriti ni ulevi, na maulidi atayaongoza Sheikh Mabrouk, ambaye pua yake ilisifika kuliko sauti yake. Harufu moja tu ya spiriti, na posa ingetupwa uchochoroni pamoja na marashi. Akabaki mpatanishi wa pili: sabuni. Chembe ya sabuni ina kichwa chenye chaji, kinachopenda maji, na mkia mrefu usio na upande wowote, unaopenda mafuta. Inaingiza mkia kwa huyu, kichwa inakiacha kwa yule, na kila mmoja anadhani ni wake. Masoud alifurahi sana na akili hiyo. Waswahili walishamwita kiumbe wa namna hiyo ndumilakuwili, na hawakumsifu.

Akakwangua sabuni ya mche kwa wembe, akaiyeyusha katika maji ya moto, akatia mafuta, akatia na waridi kidogo ili pasikosekane adabu, akatikisa. Ikawa nyeupe kama tui la kwanza, na haikuachana. Rangi haikumtia wasiwasi, maana mrashi wa Mzee Simai, chupa ya kunyunyizia marashi, ulikuwa wa fedha, na cha ndani ya fedha hakionekani. Alijipaka kidogo nyuma ya kiganja, akanusa, akafumba macho kwa raha. Alipofumba macho ndipo alipokuwa karibu kabisa na ukweli, lakini hakujaribu usoni. Na usoni ndiko marashi yanakokwenda.

Siku ya maulidi ukumbi wa Mzee Simai ulijaa mpaka ngazini. Wanaume walikaa juu ya majamvi mapya, wanawake walikuwa ghorofani. Udi ulifuka. Mcha aliingia na halwa yake, akaiweka, akakaa safu ya pili bila ya kusema kitu, na Masoud akamwonea huruma. Msomaji akasoma, watu wakaitikia, mpaka ikafika pale ambapo watu wote husimama, na hapo ndipo marashi hutembezwa. Mzee Simai mwenyewe akamkabidhi Masoud mrashi wa fedha mbele ya macho ya watu. Masoud aliupokea, na safari hii si kwa kiburi. Alimtaka yule msichana. Alikitaka kicheko kile kiwe cha nyumbani kwake.

Alianzia kwa Sheikh Mabrouk, kama inavyostahiki. Sheikh akakinga viganja, Masoud akautikisa mrashi kama wanavyotikisa wote, na kwa kuutikisa akaiamsha sabuni. Yakatoka matone, na nyuma ya matone likatoka povu dogo jeupe. Sheikh, aliyekwisha fumba macho kwa unyenyekevu, hakuona. Alijipaka uso, akajipaka ndevu, kama walivyojipaka baba zake na babu zake. Masoud akapita kwa Mzee Simai, akapita kwa wa tatu, safu ya mbele nzima wakakinga viganja na wakajipaka nyuso.

Katika ubeti uliofuata sauti ya Sheikh Mabrouk iliingia kikohozi. Katika ule mwingine ilikatika. Kisha machozi yakamshuka, mengi, yakaingia katika ndevu zenye povu, na akalia kwa sauti kama mtu aliyefikiwa na habari ya msiba. Karafuu ilikuwa ikimchoma na sabuni ikimkata, lakini hayo aliyajua mtu mmoja tu ukumbini, naye alikuwa amesimama na mrashi mkononi.

Mzee Simai, aliyemzika mama yake mzazi kwa macho makavu, alikuwa akilia. Safu ya mbele ililia yote. Safu ya pili ilipoona masheha na masheikh wanalia, nayo ikalia, nusu yao kwa marashi na nusu kwa uungwana. Nyuma kabisa, ambako halikufika hata tone, watu walilia kuliko wote, maana nani angekubali kuonekana katika maulidi ya Mzee Simai ndiye peke yake mwenye macho makavu? Juu wanawake walisikia wanaume wazima wanalia kwa kwikwi, na wao wakaanza. Hakujapata kuwa na maulidi kama yale Kiponda, na wazee mpaka leo wangekuapia hivyo.

Waliposhusha pumzi na kukaa, alisimama Mcha. Marashi yalimfikia na yeye, macho yake yalikuwa mekundu kama ya mwenzake yeyote. Hakuna aliyemuuliza kitu, na hiyo ndiyo ilikuwa ajabu yenyewe.

"Jamani," alisema, "haya yanatoa povu. Nadhani yametiwa sabuni."

Sheikh Mabrouk alifumbua jicho moja, kwa taabu, akamtazama kwa hilo hilo. Akamwambia kwamba wapo waja ambao Mungu hawakunjulii nyoyo, rehema inawapitia usoni wao wanaona povu. Mzee mmoja akaongeza kwamba watu wa bandarini wamezoea kukagua mizigo. Mcha aligeuza macho kwa Masoud na akangoja, kwa utulivu, kama mtu anayejua kwamba mwalimu wa kemia atasema neno. Watu wote wakageuka kumtazama Masoud.

"Masoud," Mzee Simai alimwita, akijifuta kwa ncha ya kanzu. "Umetia nini humu, mwanangu?"

Mwanangu. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Neno moja tu lilitakiwa, nalo alilijua, alikuwa amelikwangua kwa wembe kwa mkono wake mwenyewe. Aliangalia juu kwenye ngazi, akaona vivuli vya mabuibui.

"Nimetia karafuu, mzee," alisema. "Na waridi." Hapo angeweza kusimama na akawa mwongo mdogo. "Na niya."

Vigelegele vikapigwa ghorofani. Sheikh Mabrouk akasema amin. Mcha aliinua kanzu yake asikanyage jamvi la mtu, akatafuta viatu vyake mlangoni, akaenda zake. Halwa yake watu waliila yote, wakaisifu.

Posa ilikubaliwa wiki ile ile. Mzee Simai alisema hawezi kumwoza binti yake mtu mwenye moyo mkavu, na mji mzima ukaona amesema kweli. Harusi ikapangwa Mfunguo Mosi, baada ya Ramadhani. Masoud alikuwa amepata alichokitaka, na hakikumletea raha.

Kwanza walikuja watu wa Malindi wakitaka marashi ya kuliza kwa maulidi yao. Akawaambia kwamba yale hayatengenezwi kila siku, na wao wakazidi kuyaheshimu. Halafu akaja Bi Mwanapili, ajuza wa Hurumzi, anashikwa mkono na jirani, macho yake yana ukungu. Alitaka tone moja tu kila jicho. Masoud, mtu aliyeahidi kwamba maisha yake atayatumia kupigana na ujinga, alisimama mlangoni akipiga hesabu. Kumwambia ukweli ni kuuambia mji. Kumpa alichokitaka ni kumpofua. Akaingia ndani, akajaza kichupa maji ya mfereji, akatia waridi tone moja. Baada ya siku chache Bi Mwanapili akaleta mkate wa mofa na shukurani. Alisema anaona vizuri zaidi. Masoud aliona haya, haya ya kweli, si ile ya kuonyesha watu, na mkate ule hakuweza kuula.

Jioni moja alidhamiria. Alikwenda kwa Mzee Simai na maneno yake ameyapanga, sabuni ikiwa neno la kwanza ili asipate njia ya kurudi nyuma. Mzee alimkaribisha, akamtilia kahawa kwa mkono wake, akamwonyesha kabati. Ndani yake, nyuma ya Kurani na saa ya babu, ulikuwepo mrashi wa fedha na yaliyosalia siku ile. Alikuwa ameufunga kwa kitambaa cheupe. Alisema anauweka kwa baraka na hautaguswa na mtu mpaka siku ya nikaha. Masoud aliinywa kahawa. Akaisifu. Akaaga.

Siku ya nikaha mvua za masika zilikuwa zinaishia na mji umepoa. Nikaha ilifungwa ukumbini mle mle baada ya alasiri, Sheikh Mabrouk akaifunga, Masoud akatamka alivyotamkishwa. Kisha Mzee Simai akafungua kabati, akaleta mrashi, akaufungua kitambaa, akampa Sheikh. Akasema kwamba leo bwana harusi atatangulia yeye, ni haki yake.

Hapo Masoud aliijua kemia yote aliyosomeshwa, na ile ya ukurasa aliouruka. Miezi yote ile katika kabati sabuni ilikuwa imechoka. Upatanishi wa ndumilakuwili haudumu; maji yamerudi kwao, mafuta yamerudi kwao. Na mafuta ya karafuu huzama. Yalikuwa yamejilaza katika sakafu ya mrashi, yote, hayana maji ya kuyapunguza makali. Mrashi ukipinduliwa, kizito ndicho kitakachokimbilia tunduni kwanza. Wa pili angepata maji na mabaki ya sabuni. Wa tatu labda harufu. Wa kwanza angepata karafuu tupu.

Aliyaona hayo yote wazi kuliko alivyowahi kuona kitu katika maisha yake, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Atasema nini? Kwamba baraka itikiswe kwanza? Sheikh aliushika mrashi kwa uangalifu mkubwa, hakuutikisa, akaupindua taratibu. Masoud akakinga viganja. Mafuta yakaingia, mazito, ya manjano. Watu mia walikuwa wanamtazama. Alijipaka uso.

Alilia kama hajapata kulia mtu Kiponda. Alipiga magoti, na wakamnyanyua wakisema mashaallah. Mzee Simai alimkumbatia. Mzee mmoja wa barza alisikika akisema kwamba ama kweli Maalim Shuka, chini ya maneno yale yote, alikuwa ni mtu wa Mungu. Wakamwongoza kwa mkono kumpandisha ngazi kwenda kumpa mkono mke wake, maana mwenyewe alikuwa haoni pa kukanyaga.

Shemsa alikuwa amekaa juu ya kitanda cha samadari, amefunikwa ushungi, somo yake aliyemfunda akiwa pembeni. Masoud alisimama mlangoni akipapasa. Shemsa alimwomba somo yake awapishe, na mlango ulipofungwa Masoud akaomba maji.

"Maji hayatakufaa," Shemsa alisema. "Si mwenyewe ulisema? Utomvu wa fenesi."

Alimkalisha. Masoud alihisi kitambaa laini juu ya jicho lake, kina mafuta ya nazi, kikipita polepole, kikichukua karafuu kidogo kidogo. Bakuli lilikuwa hapo hapo, tayari. Alipoweza kufumbua jicho la kwanza aliona mkono wenye hina na, nyuma yake, uso usiocheka. Alimuuliza alijuaje kwamba yatahitajika.

"Nilimsikia baba asubuhi akisema leo atautoa mrashi. Nilikuwa na wasaa wa kuumwaga."

"Mbona hukuumwaga?"

"Mcha alilia kwa sabuni yako akaitwa moyo mkavu, na wewe umesimama unamtazama. Nilitaka na wewe ulie kwa haki yako." Alikunja kitambaa upande ulio safi, akaanza jicho la pili. "Povu mimi niliona tokea juu. Nyumba hii tunafua wenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Masoud arudi kutoka Makerere kwamba anasikiliza bila ya kutafuta la kusema baadaye. Machozi yalikuwa bado yanamshuka, na sasa hakujua tena yepi ni ya karafuu. Akamuuliza, kwa sauti ya chini, basi kwa nini amemkubali.

"Nani kakwambia nimekukubali?" Shemsa alisema. "Mimi nimearifiwa. Lakini nilipoarifiwa nilimshukuru Mungu kwa kitu kimoja. Wenzangu wote wanaolewa na mtu hawaujui uongo wake, wanakaa wanaungoja. Wako mie nnaujua. Nnao hapa." Akanyoosha kiganja chake chenye hina, kitupu, kisha akakifumba.

Akamwambia kwamba kesho, kabla ya kutembelea jamaa yeyote, aende kwa Bwana Mcha akamwambie neno lile moja. Masoud akasema atakwenda. Akauliza, na baba? Shemsa alisema baba ataambiwa siku itakapofaa, na kwamba siku hiyo ni yeye Shemsa atakayeichagua. Hakuwa amepandisha sauti. Nje watu walikuwa wakisifu machozi ya bwana harusi.

Alfajiri Masoud aliamshwa na baridi mgongoni. Mvua ya mwisho ya masika ilikuwa inanyesha uchochoroni. Alipapasa kutafuta shuka, akaikuta yote iko upande wa pili, imezungushwa na kubanwa chini ya mbavu za mke wake. Aliivuta kidogo, kwa adabu. Shemsa, bila ya kufumbua macho, aliivuta zaidi kwake, akamkumbusha kwamba kwa Mcha ni mbali na bora atoke mapema.